Kamera Isiyoharakisha Kuondoka

Kwenye kiwanja kimoja cha lami, magharibi mwa Chicago, kijana anacheza mpira wa kikapu na baba yake. Wanagombea mpira, wanataniana. Halafu baba anajitenga, anakwenda pembeni walikosimama wauza unga, na hapohapo, mchana kweupe, mbele ya macho ya mwanawe, ananunua. Kamera haimkimbilii. Mpiga picha ametulia, na kwa kuwa ametulia tunawaona wote wawili: baba anayefanya biashara yake kule pembeni, na kijana ambaye ameshaelewa kinachoendelea na asingependa sisi tumwone akielewa.

Kijana huyo ni Arthur Agee, na filamu ni Hoop Dreams ya mwaka 1994. Nimeitazama mara nyingi, na kila nikifika hapo namfikiria zaidi aliyeshika kamera. Mtu hasimami mahali kama pale na kamera begani kwa kubahatisha. Lazima awe amekuja jana, na juzi, na mwezi uliopita, siku ambazo halikutokea lolote la maana, hadi watu wakachoka kumwangalia na kuendelea na maisha yao. Picha ile ya sekunde chache ililipiwa kwa siku zote hizo zisizo na kitu.

Filamu za makala kuhusu wanamichezo, wasanii na watu waliobanwa na maisha zimejaa sokoni siku hizi, na nyingi zinafuata njia moja: mtu alizaliwa maskini, akajituma, akaanguka, akainuka, muziki unapanda, mwisho. Sizidharau zote. Lakini kuna ufundi mwingine, mgumu na wa polepole, ambao mtazamaji anaweza kuutazama saa tatu nzima asijue kwamba ametazama kazi ya mikono ya watu. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, na sijui mahali pazuri pa kuanzia kuliko filamu hii ya vijana wawili.

Waliotengeneza Hoop Dreams walikuwa watatu: Steve James aliyeongoza, Frederick Marx, na Peter Gilbert aliyepiga picha. Walianza na ruzuku ndogo na wazo la filamu ya dakika 30 kuhusu mpira wa mitaani. Kisha wakakutana na Arthur na mwenzake William Gates, wote wakiwa na miaka 14, wote wakichukuliwa kwenda kucheza katika shule ya St. Joseph, huko kitongoji cha Westchester, shule aliyopitia nyota Isiah Thomas. William alikuwa akisafiri kama saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, kutoka kwenye majengo ya Cabrini-Green hadi kwenye madarasa ambamo karibu kila mtu alikuwa mweupe. Watengenezaji wakawafuata. Dakika 30 zikawa karibu miaka mitano ya kurekodi, na kurekodi kukazaa takriban saa 250 za picha. Filamu iliyotoka ina urefu wa karibu dakika 170. Piga hesabu: kwa kila dakika moja unayoiona, karibu dakika 90 zilibaki nje.

Jambo moja la kiufundi lilisaidia. Hawakurekodi kwa filamu ya milimita 16, ambayo kasha lake la kawaida huisha baada ya dakika kama 11 na kugharimu fedha nyingi kulisafisha. Walitumia video ya Betacam. Picha yake haikuwa na utamu wa filamu, lakini mkanda ulikuwa rahisi, na ukiwa na mkanda rahisi huna haja ya kubana kitufe na kusubiri mtu aseme neno zito ndipo urekodi. Unaweza kuiacha kamera ikizunguka wakati mama anaosha vyombo. Vipande vingi vinavyogusa moyo katika filamu hii vimetokea kwenye dakika za namna hiyo, ambazo mpiga picha mwenye haraka angekuwa ameshakunja vifaa vyake na kuaga.

Mama mwenyewe ni Sheila Agee, na kwangu mimi ndiye mhusika mkuu, ingawa jina la filamu linasema mengine. Arthur anaondolewa St. Joseph kwa sababu karo haijalipwa. Mume ameondoka. Umeme unakatwa nyumbani. Sheila anakaa mbele ya kamera na kuwageuzia swali waliomrekodi: mnajiuliza kweli naishije na watoto hawa kwa dola 268 kwa mwezi? Fikiria nafasi ya mhariri anapolifikia swali hilo kwenye kanda. Linamlenga yeye na wenzake. Ni rahisi mno kulikata. Mtazamaji hatajua kamwe kwamba liliulizwa, na filamu itabaki safi, na watengenezaji watabaki watu wema wasioulizwa. Waliliacha. Kuanzia hapo na sisi tulioketi kutazama tunakuwa tumeulizwa, na hatuna jibu.

Baadaye Sheila anamaliza mafunzo ya uuguzi msaidizi na kuambiwa amepata alama za juu kuliko wote darasani. Analia. Filamu nzima imekuwa ikituzoesha kuamini kwamba ushindi unapatikana uwanjani, mbele ya maelfu, na jina kutangazwa kwa kipaza sauti. Kumbe ushindi ulio imara kuliko mwingine wowote unampata mama huyu, kwenye hafla ndogo, kwa cheti cha karatasi. Hakuna sauti ya msimulizi inayojitokeza kutuambia hivyo. Mpangilio wa vipande umetosha. Kama sherehe ile ingewekwa mapema, kabla hatujaona giza la nyumba isiyo na umeme, ingekuwa habari njema ya kawaida tu. Imewekwa pale ambapo tumeshasahau kumtarajia.

Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya mhariri, na watu wengi hudhani kazi yake ni kutupa vibaya na kubakiza vizuri. Vizuri hutupwa pia, tena kwa wingi. Mhariri anaketi na saa 250 za maisha ya watu, nyingi zikiwa na mvuto wake, na anachotafuta ni kipande gani kikikaa kabla ya kingine kitakibadilisha kile kinachofuata. Mtazame William akisimama kwenye mstari wa mitupo huru mwishoni mwa mchezo muhimu, na kukosa. Anayeshabikia mpira ameshaona mitupo kama hiyo ikikosewa maelfu ya mara. Lakini kabla ya hapo tumeliona goti la kijana huyu likipasuliwa. Tumemwona kaka yake, Curtis, aliyekuwa mchezaji hodari mtaani na mambo yakamwendea kombo, na sasa ameuhamishia uchungu wake wote kwenye mikono ya mdogo wake. Tumemsikia kocha akidai zaidi. Mpira unapogonga chuma na kutoka, tunajua ni akina nani wengine wamekosa pamoja naye. Kamera haikufanya lolote la ajabu katika picha ile. Kila kitu kilitayarishwa nusu saa nyuma.

Na sauti. Sauti husahauliwa, na fundi sauti ndiye mtu asiyetajwa kamwe kwenye mazungumzo ya baada ya filamu. Fundi mzuri, kabla ya kuondoka kwenye chumba chochote, huwaomba watu wote wanyamaze kwa nusu dakika hivi na kurekodi ukimya wa chumba kile. Kila chumba kina ukimya wake: friji linalonguruma, feni, gari la mbali, mbwa wa jirani. Mhariri akikata sentensi mbili za mtu na kuziunganisha, pengo linalobaki katikati hulizibia kwa ukimya huo. Asipokuwa nao, sikio la mtazamaji litashtuka hata kama hajui limeshtushwa na nini, na imani yake kwa mtu anayezungumza itapungua kidogo. Watu wenye vifaa vya bei mbaya huharibu filamu zao kwa kukosa nusu dakika ya kunyamaza.

Hoop Dreams ilipendwa na watazamaji na wahakiki, na wengi walitarajia tuzo ya Oscar. Haikuingizwa hata kwenye orodha ya filamu bora za makala, jambo lililozua ghadhabu kubwa mpaka taratibu za uteuzi zikatazamwa upya. Uteuzi mmoja tu iliupata: wa uhariri. Ile dhuluma siitetei, lakini huo uteuzi mmoja ulikwenda mahali pake.

Wale vijana hawakufika ligi ya kulipwa ya NBA. Ni muhimu kulisema, kwa sababu filamu ilianza kurekodiwa bila mtu yeyote kujua kama wangefika. Steve James na wenzake walikubali kufanya kazi miaka mingi bila kujua mwisho wao ni upi, na hawakuhamia kwa kijana mwingine mwenye nafuu ya bahati pale mambo yalipoharibika. Arthur alipofukuzwa St. Joseph na kwenda shule ya serikali ya Marshall, hesabu za kawaida zilisema hadithi yake imekwisha. Waliendelea naye. Mwaka 1991 timu ya Marshall ilifika mashindano ya jimbo zima la Illinois na kushika nafasi ya tatu, na kamera ilikuwapo kwa sababu haikuwahi kuondoka.

Kubaki huko kunaweza pia kuletwa na ajali. Mwaka 1974 Leon Gast, Mmarekani, alikwenda Kinshasa kurekodi tamasha la muziki. Tamasha lilipangwa kusindikiza pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, ambalo Rais Mobutu alilileta Zaire kwa ahadi ya dola milioni tano kwa kila bondia. Muziki ulipigwa mwezi Septemba: James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Bill Withers, Miriam Makeba, pamoja na wenyeji Franco na Tabu Ley. Lakini Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, na pambano lililopangwa kufanyika Septemba 25 likasogezwa hadi Oktoba 30. Wanamuziki wakarudi kwao. Gast akabaki na mabondia wawili wasio na la kufanya isipokuwa mazoezi na kungoja, na mmoja wao alikuwa Ali, mtu ambaye hakuweza kungoja bila kusema.

Majuma yale ya kungoja ndiyo filamu. Tunamwona Ali akikimbia barabarani alfajiri, akiongea na watoto, akiwaongoza watu kuimba kwa Kilingala kwamba amuue mpinzani wake, Ali boma ye, na kila siku mji unazidi kuwa wake. Foreman anapiga begi zito la mazoezi kwa ngumi ambazo hata sauti yake inatisha. Kama pambano lingefanyika siku yake, tungepata filamu ya muziki yenye ndondi mwishoni. Jeraha la jicho la mtu mmoja lilimpa Gast nafasi ya kuona jinsi mtu mwenye woga moyoni anavyojijengea ujasiri mbele ya umma, siku baada ya siku, hadi usiku wa pambano, saa kumi alfajiri, anapoegemea kamba na kumwacha Foreman apige mpaka achoke, kisha kumwangusha raundi ya nane.

Halafu fedha zikaleta ugomvi, kesi zikafuata, na kanda zikakaa. Filamu ilitoka mwaka 1996, miaka 22 baada ya pambano, ikiitwa When We Were Kings. Gast alikuwa amezeeka nayo. Mwongozaji Taylor Hackford aliongeza mahojiano mapya na waandishi Norman Mailer na George Plimpton, ambao walikuwa ukingoni mwa ulingo usiku ule, na ni sauti zao za uzeeni zinazozikalia picha za ujana. Huo nao ni ufundi wa kupigiwa mfano. Mailer anaeleza kilichokuwa kinapita kichwani mwa Ali baada ya raundi ya kwanza, alipogundua kwamba mbinu yake ya mwanzo haifanyi kazi, na mhariri anatuonyesha uso wa Ali kwenye kona, akitikisa kichwa peke yake kama anayejijibu. Bila maneno ya Mailer tungemwona bondia anayepumzika. Bila uso wa Ali maneno ya Mailer yangekuwa porojo za mwandishi. Filamu ilishinda Oscar mwaka 1997, na usiku wa tuzo Foreman ndiye aliyemshika mkono Ali, aliyekuwa tayari anatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, kumpandisha ngazi za jukwaa.

Lakini kuna mahali katika filamu hiyo panaponikaa vibaya kila mara. Plimpton anasimulia habari za mganga na za jini la kike lenye mikono inayotetemeka, ambalo lingemdhoofisha Foreman, na kila hadithi hiyo inapoguswa, mhariri anatukatia picha ya Miriam Makeba jukwaani, akipumua kwa nguvu katikati ya wimbo wake. Kwa hesabu za uhariri mshono huo ni wa kiufundi sana: picha inapatana na maneno, mdundo unapatana na hofu. Ila huyo ni Makeba. Ni mwanamke aliyezuiwa kurudi kwao na serikali ya ubaguzi, aliyesimama Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kuishtaki, aliyeuchukua wimbo wa "Malaika" akazunguka nao dunia nzima. Filamu haimpi nafasi ya kusema neno. Inampa kazi ya uchawi. Na kwa ujumla watu wa Kinshasa wanaonekana sana katika filamu ile na kusikika kidogo. Katika mahojiano ya baadaye sauti ya Kiafrika ni ya Malick Bowens, yule aliyeigiza Farah katika Out of Africa. Mkono hodari unaweza kushona kitu kwa ustadi kabisa na bado ukawa umemshonea mtu nguo isiyo yake. Nafurahi kwamba mwaka 2008 Jeffrey Levy-Hinte, mmoja wa wahariri wa filamu ile, alirudi kwenye mabaki ya kanda na kutengeneza Soul Power, ambamo wanamuziki wanaachiwa nyimbo zao.

Ndiyo maana nazitazama kwa hamu ya pekee kazi zinazotoka kwetu. The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 2019 na baadaye Kenya ikaipeleka kushindania Oscar. Inatokea pwani, Kilifi, ambako wazee wenye mvi wamekuwa wakiitwa wachawi na wengine kuuawa, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba. Kijana anayeishi Mombasa anasikia kwamba nyanya yake, mwenye miaka zaidi ya 90, ametuhumiwa, na anarudi nyumbani. Wanaomtuhumu hawatoki mbali. Ni wa ukoo huohuo. Watengenezaji wanakaa na pande zote. Watu wanazungumza Kigiriama na Kiswahili chao cha kila siku, kwa kasi yao, na kamera inastahimili salamu ndefu za wakubwa bila kuzikata. Mgeni angezikata, akidhani kwamba mazungumzo hayajaanza. Mtu wa pwani anajua kwamba katika salamu hizo, nani kaanza, nani kaitikia kwa baridi, nani kamruka nani, ugomvi wote umeshatajwa. Ni kama mpishi wa pilau anayejua lini asifunue sufuria.

Mwaka uliofuata tamasha la filamu la Sundance lilipokea Softie ya Sam Soko, kuhusu Boniface Mwangi, mpiga picha wa habari aliyerekodi machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, akageuka mwanaharakati wa maandamano ya kupeleka nguruwe mbele ya Bunge mwaka 2013, kisha mwaka 2017 akagombea ubunge wa Starehe bila kununua kura. Soko alianza na nia ya video fupi ya kufundishia harakati. Akakaa miaka. Na kadiri alivyokaa, ndivyo kamera yake ilivyozidi kuingia nyumbani, kwa Njeri, mke wa Boniface, na watoto wao watatu, ambao vitisho viliwalazimu kuhamia Marekani.

Sundance iliipa Softie tuzo maalumu ya uhariri, kwa Soko mwenyewe pamoja na Mila Aung-Thwin na Ryan Mullins, na ukiitazama kwa makini utaona kwa nini. Mabomu ya machozi na hotuba za kampeni ndizo picha ambazo kila mtu angezitaka, na zimo. Lakini filamu inaendelea kuzikatisha kwa ajili ya meza ya jikoni, mazungumzo ya simu kati ya Nairobi na Marekani, uso wa mwanamke anayemuuliza mumewe kwamba nchi ikija kabla ya familia, familia ifanye nini. Boniface ni mzungumzaji hodari, na jukwaani hashindwi. Nyumbani anatafuta maneno. Wahariri wangeweza kumwacha Njeri awe mke anayesubiri, kama ilivyozoeleka katika hadithi za mashujaa. Badala yake wakampa nafasi ya kutosha hata nusu ya pili ya filamu ikawa ya mabishano kati ya watu wawili wenye akili sawa, na mtazamaji akitoka ukumbini anakuwa bado hajaamua amuunge mkono nani.